Uzi Mwekundu kwenye Zulia la Bibi Mkunga

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Wakili alivua sare, akaitundika msumarini, akala alichowekewa, kisha akaenda uani kumsaidia mama yake. Hakuwa wakili wa kweli. Alikuwa msichana wa darasa la sita, na jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu hakuna kosa ambalo angeshindwa kulitetea. Akivunja kikombe, alieleza jinsi kikombe kilivyokuwa kimekaa vibaya. Akichelewa, basi saa ya ukutani ndiyo iliyokuwa imekimbia. Baba yake, fundi rangi aliyerudi nyumbani jioni akiwa na rangi mpaka kwenye nyusi, alimsikiliza hadi mwisho, akacheka, kisha akampa adhabu ileile aliyokuwa ameikusudia.

Mama yake alikuwa fundi wa kusafisha mazulia ya sufu, tena fundi hasa. Watu walitoka upande wa pili wa mji, wakapita mafundi wengine njiani, wakamletea yeye. Aliinama juu ya doa, akatenganisha manyoya kwa kidole, akanusa kidogo, kisha akasema, "Hii ni juisi, na haikumwagika jana." Mwenye zulia alibaki ametoa macho. Wakili aliyaona hayo kila siku na bado hakuyazoea. Aliamini hakuna mtu duniani mwenye pua kama ya mama yake.

Hata hivyo, Mama hakutegemea pua peke yake. Kila mteja aliulizwa maswali yaleyale matatu kabla zulia halijashushwa chini: "Kimemwagika nini? Kilimwagika lini? Na mmeshaweka nini?"

Swali la tatu ndilo lililowatoa watu jasho. Karibu kila mmoja alikuwa ameshajaribu jambo lake nyumbani. Wengine walikuwa wamemimina sabuni ya unga, wengine chumvi, na bwana mmoja alikuwa amepaka dawa ya meno. Lakini wote walijibu kwa macho makavu kwamba hawajaweka kitu. Mama hakubishana nao. Alingoja tu, huku amekunja mikono, mpaka ukweli ukatoka wenyewe.

"Siulizi ili nikucheke," aliwaambia. "Sufu haipendi mambo mengi. Nikiweka dawa yangu juu ya kitu nisichokijua, tutaharibu badala ya kusafisha."

Alikuwa pia na utaratibu wake wa nyuzi. Zulia la sufu likilowa hubadilika rangi lote, na madoa hujificha usiyaone tena. Kwa hiyo kabla ya kuligusa kwa maji, Mama alizungushia kila doa mshono mlegevu. Uzi mweupe ulimaanisha doa liondolewe. Uzi mwekundu ulimaanisha mwenye zulia amesema liachwe. Mtu anaweza kuuliza, nani anataka kuacha doa? Wapo. Baba mmoja alikataa kabisa kufutiwa alama ya mguu wa mtoto wake aliyekanyaga rangi. Doa lenye uzi mwekundu Mama hakuligusa, hata kama mikono ilimwasha. Kazi ya kushona nyuzi hizo alikuwa amempa Wakili, na Wakili aliionea fahari kuliko alama zake zote za darasani.

Siku moja mchana ilisikika hodi mlangoni. Aliingia Bibi Mkunga, na nyuma yake mbeba mizigo mmoja mkubwa aliyeitwa Trekta, zulia zima likiwa begani kwake utadhani amebeba taulo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Wakili. Una kesi ngapi leo?"

"Sina hata moja, Bibi. Nimestaafu."

"Aliyestaafu ni mimi. Wewe bado sana," alisema Bibi Mkunga, akakaa kwenye kigoda na kunyoosha miguu. Alikuwa mkunga kwa miaka mingi. Nusu ya watu wa mtaa ule walipokewa na mikono yake, naye hakuona haya kuwakumbusha.

Trekta alilitandaza zulia. Lilikuwa la rangi nyekundu iliyoiva, lenye pindo la rangi ya maziwa, zito na la zamani.

"Jumamosi kitukuu wangu analetwa," alisema Bibi Mkunga. "Ameanza kutambaa. Nataka atambae mahali safi."

Mama aliuliza maswali yake, na Bibi akayajibu bila kumumunya maneno. Hapa kahawa, pale mchuzi, kule hajui, na yeye mwenyewe alikuwa amejaribu ndimu. Kisha akaelekeza fimbo yake kwenye doa moja la kahawia karibu na kona.

"Hilo msiliguse. Hilo ni la huyu hapa."

Trekta alianza kuangalia viatu vyake.

"Mama yake alikuja kunisalimu tu," aliendelea Bibi. "Mtoto akaona hospitali ni mbali, akaamua kuzaliwa sebuleni kwangu. Katika kukimbia huku na huku, nikaangusha chupa ya dawa ya vidonda. Kila nikiliona doa hilo nakumbuka kilio chake. Kilisikika mpaka barabarani."

"Lakini Bibi, kila nyumba lazima uwaambie?" alinung'unika Trekta.

"Kila nyumba. Ulikuja kwa kelele mwenyewe, sasa unataka sisi tunyamaze?"

Walicheka wote, hata Trekta. Wakili alichukua sindano, akazungushia doa la Trekta uzi mwekundu, na yale mengine yote uzi mweupe.

Kesho yake mawingu yalitanda tangu asubuhi. Mama alilikung'uta zulia vumbi, akalitandaza sebuleni lisije likanyeshewa, na Wakili aliporudi kutoka shuleni akamkuta anafunga kitambaa aende dukani kununua sabuni laini.

"Chakula kikae mbali na zulia," alisema Mama akiwa mlangoni.

"Ndiyo, Mama."

Wakili alibaki na daftari la hesabu na kikombe cha chai ya maziwa. Sakafu ilikuwa ngumu na ya baridi. Zulia lilikuwa nene na laini. Chai si chakula, aliwaza, chai ni kinywaji, na Mama amesema chakula. Alipomaliza kujitetea hivyo, tayari alikuwa amekaa katikati ya zulia la Bibi Mkunga na kikombe kando ya goti. Aligeuka kuchukua rula, kiwiko kikagusa kikombe, na chai yote ikamwagika kwenye pindo lile la rangi ya maziwa.

Alijua la kufanya. Alikuwa ameliona mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka: kitambaa cheupe, kukandamiza bila kusugua, maji ya baridi. Lakini woga ulipoingia, ujuzi wote ulitoka. Chai ilimwagika ya moto, aliwaza, basi itatoka kwa moto. Alifungua chupa ya chai iliyokuwa na maji ya moto, akayamimina. Akanyunyiza sabuni ya unga ya kufulia. Akachukua brashi ya sakafu na kusugua kwa nguvu zake zote. Povu lilipanda, na chini ya povu doa lilikuwa linatanuka. Alipolifuta, lilikuwa kubwa kama sahani, na manyoya yake yalikuwa yamesimama na kuchafuka kama ya kuku aliyenyeshewa.

Machozi yalimlengalenga. Ndipo akaiona sindano dirishani, na kando yake kibunda cha uzi mwekundu.

Hakukaa akapanga kumdanganya mama yake. Mikono ilitangulia, akili ikafuata nyuma ikiwa na maelezo. Alilizungushia doa lile uzi mwekundu, mshono mlegevu na nadhifu kama alivyofundishwa. Akalikausha kwa matambara, akalikunja zulia vizuri, akalisimamisha ukutani.

Mama aliporudi alisimama akalitazama. "Umelikunja peke yako? Mwanangu, leo umenisaidia kweli."

Wakili aliinamia daftari lake. Sifa ile ilimchoma kuliko kofi.

Siku iliyofuata jua lilitoka, na Mama akaanza kazi. Kumtazama akisafisha ilikuwa raha. Hakuwa na haraka wala papara. Alianzia pembeni mwa doa akaenda katikati, akikandamiza kitambaa, akikigeuza, akikandamiza tena, na kahawa ya miaka ikahamia kwenye kitambaa polepole. Kisha akafika kwenye pindo, akasimama.

"Nyuzi nyekundu mbili," alisema. "Bibi si alisema moja?"

Alipiga magoti, akanusa. "Maziwa. Na sabuni ya unga. Nani huacha doa la maziwa?" Akamgeukia binti yake. "Wakili, ulikuwepo. Bibi alitaja mawili?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pazuri pa kusema. Wakili alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Nadhani alitaja mawili, Mama."

Mama aliugusa uzi ule kwa kidole. "Basi limenipita," alisema. "Uzi mwekundu ni neno la mwenye zulia." Akalizunguka doa lile kwa uangalifu, akasafisha kila mahali isipokuwa hapo.

Jioni walipokuwa wanakula, Mama hakuwa na hamu. Baba alimuuliza kulikoni.

"Nasahau," alisema Mama. "Mteja ameniambia jambo mbele yangu, na mimi silikumbuka hata kidogo. Nimelitazama doa lile kama sijawahi kuliona. Mtu wa kazi yangu akianza kusahau, ataharibu mali ya watu."

"Umechoka tu."

"Labda. Lakini nimeamua. Nikimaliza hili la Bibi, mazulia makubwa nitawaachia wengine. Nitabaki na vile vizulia vya mlangoni."

Baba aliweka kijiko chini. Alijua, na Wakili alijua, kwamba mazulia makubwa ndiyo yaliyokuwa furaha ya Mama. Wakili aliomba ruhusa kuondoka mezani, akasema kichwa kinamuuma. Hilo angalau halikuwa uongo.

Asubuhi aliongozana kwenda shule na rafiki yake aliyeitwa Miwani.

"Eti," alianza Wakili, "mtu akifanya kosa, halafu mtu mwingine akadhani kosa ni lake yeye, huyo wa kwanza afanye nini?"

Miwani alisukuma miwani yake juu ya pua. "Huyo mtu wa kwanza anakaa kwenu?"

"Nimesema mtu tu."

"Sawa. Mwambie huyo mtu tu aende akaseme. Macho yake yamevimba, inaonekana hakulala."

Siku ile masomo yote yalimpita Wakili sikio la kulia yakatokea la kushoto. Aliporudi nyumbani alimkuta Mama peke yake uani, amekaa mbele ya mazulia yaliyokunjwa, anasema kwa sauti ya chini. Wakili alisogea akasikiliza. Mama alikuwa anayataja mazulia ya wateja moja baada ya jingine, la nani, lina doa gani, liko upande gani. Kisha alikunjua kila moja kidogo kutazama kama amekosea. Hakuwa amekosea hata moja. Lakini kila alipokunja, hakuonekana kuamini.

Wakili alitua mkoba wake chini. Alijikaza kisabuni.

"Mama, Bibi alitaja moja."

Mama aliinua uso.

"Uzi wa pili niliushona mimi bila kuambiwa. Nilimwaga chai. Hukusahau kitu, Mama. Lilikuwa moja."

"Lilikuwa moja," alisema Mama.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo sijasahau."

"Hujasahau, Mama. Nilikudanganya."

Mama alifunika uso kwa viganja, na mabega yakamshuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Wakili alisubiri kugombezwa. Alikuwa na maelezo, tena mazuri, ya chai kuwa si chakula. Yote aliyaona ya kijinga akayaacha.

Mama alipoondoa mikono usoni, macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ileile anayoitumia kwa wateja.

"Kimemwagika nini?"

Wakili alimeza mate. "Chai ya maziwa. Ilikuwa na sukari."

"Kilimwagika lini?"

"Ile siku ulipokwenda dukani kununua sabuni."

"Na mmeshaweka nini?"

Sasa Wakili alielewa kwa nini watu wazima waliangalia pembeni wakifika hapo. "Maji ya moto," alisema. "Na sabuni ya unga. Na nimesugua kwa brashi ya sakafu."

"Brashi ya sakafu," alirudia Mama, akafumba macho kidogo. "Haya. Nimekukasirikia, na kesho bado nitakuwa nimekukasirikia. Sindano nipe mimi. Kalete beseni, maji ya baridi, vitambaa vyeupe na siki."

Walipiga magoti pamoja. Mama alieleza huku anafanya kazi. Maji ya moto yalikuwa yameyapika maziwa ndani ya sufu, kama yai linavyoganda kwenye kikaango. Sabuni ya unga ilikuwa kali mno, na ilikuwa bado imo ndani. Kwanza waliitoa kwa maji ya baridi, kidogo kidogo, wakiyanyonya kwa vitambaa. Kisha Mama alitia siki kidogo kwenye maji mengi, akajaribu kwanza upande wa chini wa zulia kuona kama rangi itachuja. Haikuchuja. Wakaendelea, siki, sabuni laini, maji, kitambaa, kutoka pembeni kwenda katikati. Magoti yaliwauma. Wakili alitaka kusugua, na kila mara mkono wa Mama ulimshika kwa upole ukamkumbusha kukandamiza.

"Tazama," alisema Mama hatimaye, akageuza kitambaa. Kilikuwa na rangi ya chai. Wakili hakuwahi kufurahia uchafu namna ile.

Jioni ilipoingia, rangi ya doa ilikuwa imetoka. Mama alilaza manyoya kwa kitana, akapunguza yaliyofumuka kwa mkasi mdogo. Kesho yake zulia lilikauka kivulini. Ukilitazama hukuona kitu. Ila ukipitisha kiganja, ulihisi sehemu moja inayokwaruza.

"Hiyo haiwezi kurudi," alisema Mama. "Sufu ikisuguliwa hivyo imesuguliwa. Bibi itabidi aambiwe."

"Nitamwambia mimi," alisema Wakili.

Jumamosi asubuhi Bibi Mkunga na Trekta walifika. Kabla hata kigoda hakijaletwa, Wakili alisimama mbele yao. Alieleza yote, kuanzia kikombe hadi uzi mwekundu, na hakuruka kipande. Bibi alisikiliza, kisha akainama, akapitisha kiganja chake juu ya pindo. Mikono ile ya mkunga ilisimama mahali penyewe mara moja.

"Hapa," alisema.

"Ndiyo, Bibi. Naomba unisamehe."

Trekta alikohoa. "Mimi nafurahi," alisema. "Sasa Bibi atakuwa na mtu mwingine wa kumtangaza."

Bibi Mkunga alijaribu kununa akashindwa. Alijiweka kwenye kigoda, akamvuta Wakili karibu.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Wanawake wengi wamepita mikononi mwangu. Wengine walikuja wameshakunywa dawa wasizoandikiwa, au wameanguka, na nikiwauliza wanasema hakuna kitu. Hawakuwa watu wabaya. Waliniogopa. Lakini waliponificha, nilifanya kazi kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Aliyeniambia ukweli, hata ule wa aibu, nilijua nianzie wapi kumsaidia. Mama yako ana macho na pua ambazo mtaa huu mzima unazitegemea, na wewe ulimfunga kitambaa. Chai nimeshaisahau. Hilo la kitambaa usilisahau."

"Kumwaga kunampata kila mtu," aliongeza Mama. "Ukikosea, sema mapema, na useme lote. Hapo ndipo wanaokupenda wanapata pa kukushikia."

Trekta alipakia zulia kwenye mkokoteni, na Bibi akaondoka kumpokea kitukuu wake. Wakili alilitazama likipinda kona, akamtazama mama yake, ambaye alikuwa tayari ameinama juu ya zulia jingine kubwa lililoletwa asubuhi ile na jirani mmoja, mwanamume mwenye tai. Mama hakusema tena habari za vizulia vya mlangoni. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa sindano na vibunda viwili vya uzi, mweupe na mwekundu. Alivishika kidogo, kisha akamnyooshea binti yake.

"Mpokee mteja," alisema.

Wakili alivipokea kwa mikono miwili. Alimsalimu yule bwana, akamuuliza kimemwagika nini, naye akajibu. Akamuuliza lini, akajibu. Kisha akamuuliza ameshaweka nini.

Yule bwana alilegeza tai, akaangalia paa. "Hatujaweka kitu," alisema.

Wakili hakubishana naye. Alikunja mikono kama mama yake, akangoja.